Mgomba wa Agathe

Zamani, katika milima ya Nyamitaba, kila mtu alijua wafu wake wamelala chini ya migomba ipi. Leo migomba imeng'olewa, waya za malisho ya ng'ombe zimepita pale ilipokuwa, na hata sisi wazima hatujui wenzetu wanalala wapi.

Siku hizo aliishi hapo mtu aliyeitwa Nzabandora, jina lake la ubatizo Athanase, mpishi wa Mugiriki. Mugiriki mwenyewe aliitwa Bwana Paul. Alikuja kabla ya vita kubwa ya Wazungu, akajenga duka la mabati kando ya barabara, akauza chumvi, sabuni, majembe na vitambaa, na kwa lori lake akawa anapita Kalembe na kushuka hadi Walikale kununua mawese na mchele. Baadaye alileta mke kutoka kisiwa cha kwao, Mama Hélène. Mwaka wa arobaini na tano walizaa mtoto wa kike, wakamwita Agathe.

Kila siku mchana, duka likifungwa, Nzabandora alipika kahawa katika chombo kidogo cha shaba chenye mpini mrefu. Mama Hélène alikaa kwenye kiti chake mlangoni mwa jikoni, Nzabandora alikaa kwenye ngazi, kila mmoja na kikombe chake. Kutoka Sake hadi Walikale hakukuwa na Mzungu mwingine aliyekunywa kahawa na mpishi wake, na watu walisema. Wengine walisema vibaya. Lakini wawili hao walikaa tu, wakizungumza juu ya kuku, juu ya mvua, na juu ya kisiwa. Mama Hélène alikieleza kisiwa kile mpaka Nzabandora akajua majina ya mbuzi wa mama yake Bwana Paul.

Agathe alikulia mgongoni mwa Verdiane, mke wa Nzabandora. Shingoni alivaa ushanga mmoja wa kioo, wa bluu, wenye duara jeupe katikati na tone jeusi, mfano wa jicho. Mama Hélène alisema kwao kila mtoto huvalishwa, ili macho mabaya yakutane na jicho lingine yarudi yalikotoka. Verdiane hakuona ajabu. Watoto wake mwenyewe walikuwa na vifundo vya dawa viunoni, chini ya medali ya Bikira Maria, ambapo padri hangeviona.

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka wa arobaini na tisa mvua ilikata barabara. Bwana Paul alikuwa ng'ambo ya Kalembe, lori lake limezama katika matope. Homa iliingia nyumbani, ikamshika Mama Hélène, kisha Agathe. Mama akapoteza fahamu, hamjui mtu. Mtoto akafa asubuhi, mikononi mwa Verdiane.

Maiti ya mtoto hailazwi ndani kusubiri. Nzabandora alitazama kiwanja cha duka, akaona hakifai: Mugiriki alikipanga tu, na mtu hazikwi katika ardhi ya kupanga, maana mwenyewe akiitaka kesho utamhamishia wapi? Basi akambeba Agathe hadi kwake, akamzika katika shamba lake la migomba, karibu na watoto wake wawili waliokufa wachanga. Alimweka kwa upande wa juu wa mgomba mmoja mkubwa, mkono tu kutoka kwenye shina, akamwachia ushanga wake shingoni. Hakuweka msalaba wala jiwe. Kaburi la mtoto kwetu halikuwekwa alama. Mgomba ndio ulikuwa alama, na kichwa cha mwenye boma ndicho kilichotunza habari.

Alipomaliza kufunika udongo alimwambia, kama tulivyokuwa tukiwaambia watoto wote: "Lala, mutoto. Hakuna muntu atakuamusha."

Mama Hélène alipona. Bwana Paul alirudi. Walipelekwa shambani, wakasimama kati ya migomba, wakalia. Nzabandora hakuwaonyesha kwa kidole, maana kaburi halionyeshwi kwa kidole. Alisema tu, "Iko hapa, kati ya wenzake." Kwa siku zile iliwatosha.

Miaka ikapita. Ndipo Mama Hélène akaanza, mchana mmoja, kikombe kikiwa mkononi.

"Athanase, kwetu, kisha miaka kidogo, tunafungua kaburi. Tunatoa mifupa, tunaosha na divai, tunaweka mu sanduku, mu kanisa. Muntu iko karibu na wazee wake. Mama mukwe anasema mutoto arudi nyumbani."

Nzabandora aliweka kikombe chake chini.

"Mama, hiyo iko muziro, mwiko yetu. Sisi hatufukulaka. Na niliambia mutoto kama hakuna muntu atamuamusha."

"Mimi njo mama yake."

"Najua, Mama."

"Basi nionyeshe tu fasi. Bwana atachimba."

"Kuonyesha na kuchimba iko kitu moja."

Mama Hélène hakugomba. Aliinuka, akaingia ndani. Kesho yake kahawa ikanyweka kama kawaida, lakini jambo lile lilikuwa limeketi nao pale mlangoni, na halikuondoka tena. Mama Hélène angeweza kuita polisi wa teritware, wa serikali ya Wazungu, na kulipindua shamba zima. Hakufanya hivyo. Mwaka wa hamsini na tano Bwana Paul alipojiandaa kwenda likizo ndefu kisiwani, mke wake alisema mpishi atakwenda nao.

"Wanakupeleka kufanya nini?" Sebarenzi jirani alimwuliza, watu wakiwa kwenye pombe.

"Kuangalia."

"Muntu analipiwa gari, treni na meli, kuangalia tu?" Sebarenzi alifuta mdomo. "Mbuzi ya sikukuu nayo wanaitembezaka vizuri."

Watu wakacheka. Verdiane hakucheka. Wakati wa kufunga mzigo alimwambia mume wake: "Najua wanakutakia nini. Angalia yote. Ila usijibu mbele haujaangalia."

Safari ile, kwa lori, kwa treni, kisha kwa meli, hapa haielezwi. Nzabandora mwenyewe alikuwa mgonjwa katika nusu yake. Kisiwa alikiona asubuhi, kutoka sitahani. Kilikuwa jiwe. Jiwe kubwa la rangi ya simba, na juu yake nyumba nyeupe zimesongamana kama unga wa muhogo uliomwagika. Alitafuta mto, hakuuona. Alitafuta majani.

"Mama, ngombe zenu iko wapi?"

"Hatuna. Tuko na mbuzi na punda."

Alitazama tena lile jiwe. "Njo maana mulikuja kwetu," akasema, na Bwana Paul, ambaye hakucheka mara nyingi, akacheka.

Mama yake Bwana Paul aliitwa Euphrasie, bibi kizee mwenye nguo nyeusi kutoka kichwani hadi miguuni, kwa kuwa mume wake alikuwa amekufa na yeye hakutaka rangi tena. Aliposikia jina la ubatizo la mgeni akapiga makofi. Athanase! Huyo alikuwa mtakatifu wao. Mama Hélène akamgeuzia maneno yake: "Anasema, kumbe wewe ni mtu wa hapa uliyechelewa kufika." Tangu siku hiyo kijiji chote kikamwita Thanasi, na wavuvi walimwita kutoka mbali ili wajisikie wakimwita.

Wakati wa jua kali ulikuwa umeingia. Katika miezi hiyo watu wa mji mkuu huja kisiwani kupumzika, na Nzabandora aliona wanavyopumzika. Asubuhi wanashuka pwani, wanavua nguo, wanalala kwenye kokoto kama samaki wa kuanika. Alimwuliza Mama Hélène ni wagonjwa wa nini.

"Wanataka jua iwapatie rangi."

"Rangi gani?"

Akamtazama, kisha wote wawili wakatazama mkono wa Nzabandora, na Mama Hélène akaficha uso wake katika kitambaa kwa kicheko. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka hivyo tangu mtoto afe.

Alimtembeza kila mahali. Walipanda ngazi za mawe hadi monasteri iliyo kileleni, ambapo mmonaki mmoja aliwapa maji na kijiko cha tunda lililopikwa kwa sukari. Waliona kinu cha upepo kikisaga shayiri, matanga yake yakizunguka, na Nzabandora akafikiri juu ya mikono ya Verdiane kwenye jiwe la kusagia. Walipanda mtumbwi hadi kwenye pango ambamo maji yanawaka bluu, bluu ya ule ushanga wa Agathe. Walisaidia kuanika tini juu ya dari. Mchana kijiji kizima kililala, watu wazima na afya zao, milango imefungwa. Jioni waliamka, wakanawa, wakavaa, wakatembea ukingoni mwa bandari, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, wakisalimiana na watu waliosalimiana nao jana.

"Munaenda wapi?" aliuliza.

"Hatuendi fasi."

"Na munarudi?"

"Tunarudi."

Jambo hilo alilipenda. Alisema baadaye kwamba kati ya yote aliyoyaona, hilo la watu kutembea bila haja, wazee na watoto wao, wakijuana wote, lilifanana na Nyamitaba kuliko lingine lolote. Ndiyo, lilifanana na Nyamitaba ile.

Baharini hakuogelea. Alikunja suruali, akaingia hadi magotini, akaonja maji, akatema. Wavuvi walimwonyesha mnyama wao mwenye mikono minane, wanayempiga juu ya mwamba mara nyingi hadi alainike. Walimpa kipande kilichochomwa.

"Thanasi, kula."

"Kitu munapiga vile na bado kinashika mwamba," aliwaambia kwa Kigiriki chake cha jikoni, "mimi sikili. Kinajua kitu."

Walilirudia neno hilo kijijini kwa siku nyingi.

Lakini hakuwa mjinga. Alijua anatembezwa kama mtu anayeombwa kitu. Kila alipoonyeshwa jambo zuri alisikia chini yake sauti ya Mama Hélène, isiyosema: hapa ndipo angecheza. Kwenye ngazi hizi. Katika maji haya.

Tarehe kumi na tano ya mwezi wa nane ilifika. Hata Nyamitaba ilikuwa sikukuu kubwa, Maria kupalizwa mbinguni, na Nzabandora alivaa koti lake akijua atakachokiona. Hakukijua. Kanisani hapakuwa na Maria apandaye juu. Palikuwa na picha ya Maria amelala kitandani, macho yamefumba, watu wamemzunguka, na mwanawe amesimama nyuma ameshika kitu kidogo kilichofungwa nguo nyeupe kama mtoto mchanga.

"Ile mutoto iko nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Roho ya Maria," alisema Mama Hélène. "Sikukuu hii tunaiita Kulala. Amelala, Mwana amekuja kumuchukua."

Wakaitoa ile picha nje, wakaizungusha kijijini na mishumaa, kisha wakala na kucheza hadi uwanja ukajaa vumbi. Nzabandora alikaa kando na sahani yake. Amelala, na bado amechukuliwa. Aliligeuza neno hilo, akaliacha, akaligeuza tena.

Siku chache baadaye bibi Euphrasie alimwita makaburini. Alikuwa amemsubiri mwanawe arudi ili kaburi la mume wake lifunguliwe. Nzabandora alitaka kukataa, lakini huwezi kumkatalia mama ya mtu mbele ya mwanawe. Akasimama mbali, karibu na ukuta, tayari kuondoka.

Wanawake walifanya kazi ile wenyewe, baada ya Bwana Paul kuondoa udongo wa juu. Hakuna aliyepiga kelele. Walitoa mfupa mmoja mmoja, wakauosha katika beseni la divai nyekundu, wakauweka juu ya shuka nyeupe ukauke kwa jua. Bibi Euphrasie alipopewa kichwa, alikishika kwa mikono miwili kama mtu anayeshika mtungi uliojaa. Alikibusu kwenye paji. Kisha akaanza kukisemesha, na Mama Hélène, aliyesimama karibu na Nzabandora, akamgeuzia maneno moja moja.

"Anasema, 'Umeona? Tini zilikuwa nyingi mwaka huu. Paul amenenepa. Paa la zizi lilianguka, nilikuambia ulitengeneze.' Anasema, 'Angalia, una meno kuliko mimi.'"

Bibi akacheka huku machozi yakimdondoka kidevuni. Nzabandora alisogea hatua moja kutoka ukutani. Alikuwa amedhani atawaona watu wanaonyang'anya ardhi kilicho chake. Alichokiona ni mke anayezungumza na mume wake, na hakuna aliyeogopa mwingine.

Walibeba sanduku hadi katika chumba kidogo kando ya kanisa. Kuta zake zilikuwa rafu, na rafuni masanduku ya mbao, kila moja na jina, wazee wa kijiji chote wamepangwa kama vitabu. Bwana Paul akaweka la baba yake. Kando yake palikuwa na jingine, dogo, jipya, rangi ya bluu. Nzabandora alikuwa amefundishwa kusoma na mapadri. Alisoma jina la Agathe kwa herufi zao zisizo zake, kwa kuwa alikuwa ameliona mara nyingi kwenye kikombe cha mtoto. Akainua kifuniko kwa kidole kimoja.

Halikuwa na kitu ndani.

Akakishusha kifuniko polepole. Nje, kwenye jua, akamwambia Mama Hélène: "Tukifika, nitaonyesha. Nitachimba mimi. Hakuna mukono ingine."

Mama Hélène alikaa chini kwenye jiwe, hapo hapo.

Walirudi Nyamitaba. Nzabandora alichagua asubuhi, akawatangulia kwenda shambani. Verdiane hakuwepo, alikuwa amekwenda kwao Masisi kumtunza mama yake mgonjwa. Nzabandora aliupata ule mgomba mkubwa, akapima mkono wake kutoka kwenye shina kwa upande wa juu, akapiga jembe. Mama Hélène alisimama na shuka nyeupe na chupa ya divai. Bwana Paul alishika lile sanduku la bluu, alilolibeba kutoka kisiwani.

Nzabandora alichimba hadi kiunoni. Akapanua kuume, akapanua kushoto. Alikuta mizizi, mawe ya moto wa zamani, udongo mweusi, na chini yake udongo mwekundu ambao haujaguswa na mtu tangu Mungu auweke. Hakukuta mfupa. Hakukuta ushanga.

"Udongo yetu inakula mbio," alisema mwishowe, kutoka shimoni. Sauti yake haikumridhisha hata yeye.

"Na kioo?" aliuliza Mama Hélène. "Inakula kioo?"

Nzabandora akapekua tena udongo kwa vidole.

"Athanase. Iko hapa kweli?"

"Njo hapa, Mama. Mbele ya Mungu."

Mama Hélène aliifunga chupa ya divai. Hakukasirika, ingekuwa nafuu. "Uliambia mutoto kama hakuna muntu atamuamusha," alisema. "Umeshika neno yako. Wewe ni muntu wa neno." Akakunja shuka, akashuka mlima, mume wake nyuma yake na sanduku. Nzabandora alilifukia shimo kabla Verdiane hajarudi, na kwa aibu hakumwambia alichimba wapi.

Hawakumfukuza kazi. Mshahara ulitoka, ugonjwa ukija dawa ilitoka. Lakini mchana, duka lilipofungwa, Mama Hélène alichukua chombo cha shaba kutoka mkononi mwake, akapika kahawa yake mwenyewe, akaenda kuinywa chumbani. Mlangoni hapakuwekwa kiti tena. Nzabandora alikaa kwenye ngazi yake peke yake hadi mlango wa duka ulipofunguliwa. Hivyo kwa miaka minne. Watu wa siku hizi, wanaotukanana asubuhi na kuombana chumvi jioni, hawawezi kujua adhabu hiyo ina uzito gani.

Mwaka wa hamsini na tisa Wagiriki walianza kuondoka mmoja mmoja, maana habari za miji mikubwa ziliwatia hofu. Bwana Paul aliuza mali ya duka. Mwezi wa kumi lori lilipakiwa, likashuka Sake, ambako walikuwa walale siku mbili kwa Mugiriki mwenzao wakingoja magari mengine waondoke pamoja. Nzabandora aliagwa kama mpishi mwema anavyoagwa. Mama Hélène alimpa mkono. Chombo cha kahawa alikipakia.

Siku iliyofuata Verdiane alikuwa akipanda maharage kati ya migomba. Mume wake alikaa uani bila kazi, hajui mikono yake aiweke wapi. Akasikia akiitwa, bila kelele.

Verdiane alikuwa amepiga magoti mahali ambapo mvua za miaka ilikuwa imechukua udongo wa juu, na katika kiganja chake, kati ya udongo, jicho la bluu lilikuwa linawatazama.

"Lakini hapa iko mbali na mugomba," alisema Nzabandora. Hatua nne, labda tano, kupanda juu. "Mimi nilipima kwa shina. Mukono moja tu."

Verdiane alimtazama kwa huruma, ile ambayo mwanamke huificha ili mume asione aibu.

"Baba wa watoto, mugomba inatembea. Kila mwaka mimi nakatanga watoto ya juu, naacha ya chini, mama inakufa, mutoto inashika fasi yake. Toka mwaka ile imeshuka mpaka pale. Hata mutoto wa kike anajua." Akaufuta ushanga kwa kidole. "Umekaa sana mu jikoni ya Wazungu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliyezaliwa chini ya mgomba alikuwa ameupima kama nguzo ya simu. Mama Hélène alimdhania mtu wa neno lake, kumbe alikuwa mtu aliyesahau shamba lake.

Alikaa chini. Sasa hakuna aliyemwamuru. Wagiriki walikuwa Sake, kesho watakuwa njiani, na mahali pa mtoto palijulikana na watu wawili tu. Angeweza kurudisha udongo. Angeweza kupeleka ushanga tu, ukamtakasa mbele ya Mama Hélène, na mtoto akaendelea kulala alivyoahidiwa. Verdiane aliona anavyowaza.

"Ushanga itakupatia wewe kahawa yako," alisema. "Haitamupatia yeye mutoto wake."

Nzabandora aliingia nyumbani, akavaa koti la sikukuu, akarudi na jembe. Hakulitumia sana. Alichimba kwa mikono, na kabla ya kuanza aliinama karibu na udongo, akasema: "Agathe. Amuka kidogo. Mama yako iko nakungoja, na gari inaenda."

Vifupa vilikuwa vichache, na vidogo, vya rangi ya udongo wenyewe. Divai haikuwepo. Verdiane alileta kasiksi, pombe aliyoikamua kwa ndizi za shamba lile lile, akaimimina katika bakuli jipya, naye ndiye aliyeosha, kwa kuwa ndiye aliyembeba. Alipokuwa akiosha alimsemesha kwa sauti isiyosikika, na Nzabandora hakumwuliza alisema nini. Wakavikausha juani, juu ya kitambaa cheupe alichofunikia kichwa siku ya ndoa yao, wakaviweka katika sanduku la mishumaa.

Alfajiri Nzabandora aliianza njia ya Sake na sanduku kifuani, si kichwani, akifuata milima hadi barabara kubwa. Hakusimama kula. Alipofika, magari yalikuwa yameshapangwa kuelekea Goma, na injini zinanguruma. Mama Hélène alikuwa ameketi mbele katika lori, mlango wazi. Alimwona akija na koti lake la sikukuu lililojaa vumbi. Alipoona namna anavyolishika sanduku, alishuka.

"Mugomba ilitembea, Mama," alisema Nzabandora. Akampa ushanga kwanza, mkononi, kisha sanduku.

Mama Hélène hakulifungua. Alilipokea, akalipima uzito kama mama anavyompima mtoto aliyelala kwa jirani. Bwana Paul alivua kofia. Magari ya mbele yalianza kusogea, mtu akapiga honi.

"Umeosha na nini?"

"Kasiksi. Verdiane njo aliosha."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akanyoosha mkono ndani ya lori, chini ya kiti, akatafuta kati ya vifurushi, akatoa chombo cha shaba chenye mpini mrefu. Akakiweka mikononi mwa Nzabandora, vidole vyake vikabaki kidogo juu ya vya mpishi wake. "Athanase," alisema, akapanda.

Lori likaondoka. Magari yalikwenda polepole, na Nzabandora alitembea ukingoni mwa barabara, ubavuni mwa mlango wa Mama Hélène, mpaka karibu na Mubambiro, ambako njia hunyooka na magari hukaza mwendo. Mara ya mwisho kuwaona, Bwana Paul alikuwa ametazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani. Mama Hélène hakugeuka. Kichwa chake kilikuwa kimeinama juu ya sanduku lililokuwa mapajani, na midomo yake ilikuwa inasogea.